MALALO: HISTORIA YA NENO MOJA NA HESHIMA YA WAFU WETU



Katika kitabu hiki cha yubile mtasoma juu ya wale waliojenga kanisa, waliofundisha, walioimba na waliobatiza. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya wale ambao hawatasimama pamoja nasi siku ya sikukuu, kwa sababu wamelala. Mwenye kuhesabu parokia bila kuhesabu wafu wake amehesabu nusu tu. Sisi wakatekista tunawajua, maana mara nyingi padri akiwa mbali ni sisi tunaotangulia mbele ya sanduku, na ni sisi tunaosema neno la mwisho kabla udongo haujashuka. Na mwenye kusema neno la mwisho apaswa kujua neno lile lina maana gani.

Miaka michache iliyopita mama mmoja alifika kwetu kutoka Kasai. Aliondoka Likasi kwa treni mwaka 1993, akiacha mtoto wa miaka miwili katika udongo wa mji huu. Alituambia: «Baba mwalimu, nimekuja kuona lukita ya mtoto wangu.» Lukita ni neno la Kiluba cha Kasai, maana yake kaburi. Tulifungua kitabu cha wafu. Jina la mtoto lilikuwamo, na tarehe, na neno moja la Kifaransa: inhumé, yaani amezikwa. Amezikwa pahali gani? Kitabu hakikusema.

Tutarudi kwa mama yule mwishoni. Kwanza tumeona vema kufuata maneno yenyewe, kuzika, kaburi, marehemu, malalo, tukiuliza yametoka wapi, yamebeba nini, na yanatudai nini.

I. Maneno ya wakubwa wetu

Tuanze nyumbani. Kuzika si neno la ugeni. Waluba wanasema kujika, Wabemba wanasema kushika. Ni neno moja lililogeuka kidogo katika vinywa, kama ndugu waliozaliwa nyumba moja na kukaa vijiji mbalimbali. Vilevile kilio chetu, pale watu wanapokesha na wafiwa, Wabemba wanakiita malilo, na yote mawili yanatoka katika kulia. Kwa hiyo, kabla ya mgeni yeyote kufika, babu zetu walikuwa na neno la kumweka mtu katika ardhi na neno la kumlilia. Mtu hakutupwa.

Ardhi yenyewe inashuhudia jambo hili. Kaskazini ya mji wetu, pahali Lualaba unapopanuka na kuwa maziwa ya Upemba, kuna kijiji cha Sanga kando ya ziwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba huko, na katika miaka ya 1970 Pierre de Maret aliendelea na kazi ile. Walikuta makaburi mengi sana, na ya kale zaidi kati ya yale ya wafua vyuma na shaba ni ya zaidi ya miaka elfu moja. Wafu waliwekwa pamoja na vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi, vyombo vya chuma, mapambo ya shaba. Katika makaburi ya nyakati zilizofuata walikuta pia misalaba midogo ya shaba juu ya miili.

Ndugu mmoja alipoisikia habari hii alifurahi, akadhani babu zetu walimjua Kristu mbele ya wamisionari. Hapana. Misalaba ile ilikuwa mali, na baadaye ikawa feza ya biashara. Haikuwa alama ya wokovu. Hata hivyo inatufundisha. Shaba, ambayo kwa ajili yake mji wetu ulijengwa, watu wa zamani waliitoa na kuiacha chini pamoja na mpendwa wao. Hakuna mtu anayempa chungu na shaba yule anayedhani amekwisha kabisa. Hawakujua ufufuko, lakini walijua kwamba kaburi si shimo la takataka.

II. Kaburi na njia yake

Neno kaburi lilikuja kwa miguu. Ni la Kiarabu, qabr, na lilikaa kwanza Pwani, kati ya Waswahili wenye kujenga kwa mawe. Katika magofu ya Gedi, karibu ya Malindi huko Kenya, kuna kaburi lenye tarehe iliyochorwa juu yake: mwaka 802 wa hesabu ya Waislamu, ndio mwaka 1399 kwa hesabu yetu. Kutoka Pwani neno lilipanda bara pamoja na misafara, likapita Tabora na Ujiji, likavuka Tanganyika, likafika hata Bunkeya kwa Mwami Msiri, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walipopokea Mpala kando ya ziwa mwaka 1885, Kiswahili kilikuwa kimekwisha tangulia. Kikawa lugha ya katekismu katika misioni nyingi za mashariki.

Hatuwezi kusimulia njia ile kwa kusifu tu. Juu yake walipita watu waliofungwa pamoja na pembe. Aliyeanguka aliachwa. Kwa hiyo neno kaburi lilifika kwetu kwa njia ambayo wengi waliokufa juu yake hawakupata kaburi wala kilio. Mkristu anayelitamka asisahau jambo hilo.

Tena neno hili lina ndugu wa kale sana. Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja, na Waebrania wanaita kaburi qever. Ndilo neno lililo katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 23, pale Sara alipokufa. Abrahamu, mgeni katika nchi ile, aliomba kununua pango la Makpela. Efroni Mhiti alitaka kumpa bure, lakini Abrahamu alikataa, akapima sikeli 400 za feza mbele ya mashahidi. Mungu alimwahidia nchi nzima, na sehemu ya kwanza aliyoipata ilikuwa pahali pa kumzika mke wake. Angalieni vizuri: alitaka pahali panapojulikana, penye mipaka na mashahidi, ili kesho mtu asije kusema hapana mtu hapa.

Pamoja na kaburi Kiarabu kilituletea marehemu. Maana yake ni mtu aliyehurumiwa, aliyepata rehema. Watu wengi wanadhani ni jina la heshima tu, kama bwana ao mzee. Lakini mwenye kusema «marehemu baba yangu» amekwisha kumwombea kabla hajapiga magoti. Si vema kulitamka upesi upesi.

III. Majina ya Wagreki na Waroma

Sisi tuliopita seminari ndogo tulijifunza majina ya Kilatini kama orodha ya kukariri. Maana yake tuliijua baadaye, tukiwa tumesimama kando ya mashimo. Tuyapitie kwa kifupi.

Kuna majina yanayotazama udongo. Wafaransa wanasema inhumer, kutoka humus ya Kilatini, ndiyo ardhi. Na tombe, kutoka neno la Kigreki linalotaja kilima cha udongo kilichoinuliwa juu ya mfu. Majina haya yanasema kweli, lakini yanaishia pale jicho linapoishia.

Kuna majina yanayotazama wazima waliobaki. Wainjili, wakitaja kaburi la Bwana wetu, mara nyingi wanaandika mnemeion, na tafsiri ya Kilatini ikaweka monumentum. Yote mawili maana yake ni kitu cha kukumbusha. Kaburi ni ukumbusho: linatushika mkono na kusema usimsahau huyu.

Halafu kuna jina ambalo wakristu walilichagua wao wenyewe. Wagreki walikuwa na neno koimeterion, yaani chumba cha kulala, kutoka kitenzi chenye maana ya kulala usingizi. Wakristu wa kwanza walilichukua na kuliita pahali pa wafu wao. Kwa nini? Kwa sababu Bwana alisema juu ya Lazaro kwamba amelala, na juu ya binti wa Yairo vilevile, na watu wakamcheka. Na Mtakatifu Paulo aliwaandikia Watesalonike juu ya waliolala, ili wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Waroma wakaandika coemeterium, na Wafaransa wakapata cimetière.

Sisi watu wa mji wa machimbo yatupasa kumjua mlinzi mmoja wa pahali pa namna hiyo. Kalisto alikuwa mtumwa katika Roma, akahukumiwa kufanya kazi katika machimbo ya kisiwa cha Sardinia. Baada ya kufunguliwa, Papa Zefirino alimpa ulinzi wa makaburi ya wakristu kando ya Njia ya Apia, na alipokufa Zefirino, Kalisto mwenyewe akawa Papa, toka mwaka 217 hata 222. Habari hizi ziliandikwa na mtu wa wakati ule ambaye hakumpenda, akidhani atamwaibisha. Kwetu si aibu. Mtu aliyejua giza la machimbo alijua pia kuwatunza waliolala chini. Hata wachimbaji wa makaburi, walioitwa fossores, walipata heshima katika Eklezya ya kale. Wana wetu wanaochimba leo kwa mikono juu ya vilima vya Katanga wasidhani kwamba kazi ya jembe na sururu haina watakatifu wake.

Neno la mwisho la Waroma ni depositio. Katika kalenda ya mwaka 354, siku za kuzikwa kwa mashahidi zimeandikwa chini ya jina hilo. Maana yake ni kuweka kitu mkononi mwa mwingine ili akitunze: kuweka amana. Na amana ni mali ambayo mwenyewe atarudi kuichukua.

IV. Malalo ya Likasi

Sasa tuje kwa neno letu. Katika Likasi, ukimwuliza mtoto wa shule wafu wanazikwa wapi, hatasema makaburini. Atasema ku malalo. Ndugu zetu wa Pwani wakisikia neno hili watafikiri habari za kitanda, kwa sababu kwao malazi ni pahali pa kulala wageni. Hawakosi. Neno ni moja, linatoka katika kulala.

Kwa nini lilipata nguvu hapa kwetu? Fikirini mji ulivyokusanyika. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Kiwanda cha Shituru kilianza kutoa shaba kwa umeme mwaka 1929. Na mji, ulioitwa Jadotville hata 1966, ulijaa watu waliotoka Lomami, Kasai, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka wa kusini. Kijijini mtu alizikwa kati ya wake. Hapa alizikwa karibu ya mtu ambaye jana alisukuma naye gari la mawe, hata kama hawakusikilizana lugha. Huyu alisema lukita, yule alisema neno lingine. Lakini kulala wote walikuwa nalo: Waluba wa Katanga, Waluba wa Kasai, Wabemba, hata na Waswahili. Ni neno ambalo hakuna mtu aliyehitaji kufundishwa.

Wabenedikto wa abasia ya Saint-André karibu ya Brugge, waliopewa kazi ya Katanga mwaka 1910, walizika kwa Kilatini na kwa mavazi meusi, kama Eklezya yote ilivyofanya wakati ule. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1963 juu ya liturjia, ulitaka ibada ya mazishi ionyeshe wazi zaidi Paska ya mkristu. Na kitabu kipya cha mazishi kilitolewa mwaka 1969. Mwaka 1988 Roma ilikubali misale kwa majimbo ya nchi yetu, ambamo tunawaita watakatifu na pia wakubwa wetu wenye moyo mnyofu. Hivyo waliolala Sanga kando ya Kisale hawakuachwa nje ya mlango wa sala yetu.

Basi, yule aliyeandika cimetière juu ya karatasi na yule aliyesema malalo kwa kinywa walikuwa wakisema jambo moja bila kujuana. Neno walilolichagua wakristu wa kwanza na neno walilolichagua wafanyakazi wa shaba lina maana ile ile: pahali pa kulala. Hati ya Roma ya mwaka 2016 juu ya kuzika na kuchoma miili inasema kwamba Eklezya inapenda zaidi wafu wazikwe.

Lakini tujihadhari. Kusema kwamba mtu amelala si kuficha kifo. Bwana wetu alisema kwanza kwamba Lazaro amelala, halafu, wanafunzi waliposhindwa kufahamu, akawaambia waziwazi kwamba amekufa. Na kabla ya kufika kaburini alilia. Kilio kina haki yake. Mwenye kumkataza mjane asilie, akidai ni imani, anajifanya mwenye imani kuliko Bwana.

Tena neno malalo linatuhukumu. Mwenye kusema juu ya kaburi kwamba ndugu yake amelala, na kesho yake akaenda kumnyang'anya mjane kitanda na sufuria, amemdanganya nani? Mwenye kugeuza kilio kuwa baraza ya kutafuta mchawi, hata mzee mmoja wa mbali akafukuzwa kwa mawe, hajamlaza mtu. Amemwamsha kwa fujo. Na vijana wanaokwenda malalo kwa matusi na pombe wanafanya kelele katika chumba cha wenye usingizi. Tunaandika haya kwa upendo, lakini tunayaandika.

V. Wale ambao hatujui pahali pao

Turudi kwa mama. Wazee mnakumbuka, na vijana mmesimuliwa. Mwaka 1992 na 1993 ndugu zetu wa asili ya Kasai walifukuzwa katika mji huu, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa. Makumi ya maelfu walikaa stesheni na katika mashule wakingoja treni, wiki juu ya wiki, miezi juu ya miezi. Wengi walikufa kwa njaa na magonjwa, watoto zaidi. Walizikwa upesi, mara nyingi bila msalaba, na wazazi walipopata treni walipanda wakiwaacha. Sisi tuliokuwa watoto wakati ule tuliona madawati ya wenzetu yakibaki wazi, na hatukuuliza.

Tulikwenda na mama yule malalo. Tulitembea asubuhi yote kati ya majani marefu na misalaba iliyolala chini, tukisoma majina yaliyosomeka. Hatukuona. Saa sita mama alikaa juu ya jiwe, akauliza: «Baba mwalimu, mmemtupa?» Tulitafuta jibu katika vitabu vyote tulivyosoma, na hatukupata zaidi ya neno la mji wetu. Tukamwambia: «Mama, hapa panaitwa malalo. Mtoto amelala. Sisi ndio tuliopoteza pahali, Mungu hakupapoteza.» Alinyamaza muda mrefu. Kisha aliomba tusali. Tukasali naye pale pale, tukitaja jina la mtoto. Alifunga udongo kidogo katika kitambaa chake, akarudi Kasai.

Hatukusema uongo. Lakini toka siku ile neno letu linatuchoma. Mwenye kumwekea mgeni kitanda anajua kitanda kile kiko wapi. Kama tunasema malalo, basi tunawajibika kujua nani amelala, na amelala pahali gani. Sheria ya Eklezya, kanuni ya 1182, inaagiza kwamba baada ya kuzika iandikwe katika kitabu cha wafu. Tulidhani ni kazi ya karatasi. Mama yule alitufundisha kwamba kitabu kile ni mto wa kichwa wa waliolala.

Kwa hiyo, katika mwaka huu wa yubile, sisi wakatekista tunaleta maombi matatu mbele ya baba paroko na halmashauri. La kwanza: toka sasa, kila mara tunapozika, tuandike katika kitabu si jina na tarehe tu, bali pia mstari wa kaburi na majirani wake kuume na kushoto. La pili: kila jumuiya ndogo ipokee sehemu moja ya malalo, iilimie majani mbele ya Siku ya Wafu, tarehe 2 Novemba, na kusimamisha misalaba iliyoanguka, ya wakristu wote bila kuuliza kabila. La tatu: usimamishwe msalaba mmoja kwa ajili ya wale waliozikwa bila alama, nao wa 1992 na 1993 pamoja nao, na majina yote yanayopatikana katika vitabu vyetu yasomwe siku ile kwa sauti, moja moja, hata kama yatachukua asubuhi nzima.

Na kama msalaba ule utakuwa wa shaba, tutakuwa tumefanya kama wazee wa Kisale, tukijua lile ambalo wao hawakulijua.

Lugha yetu inasema kufa, na katika neno lile lile inasema kufufuka. Mungu, ambaye mkononi mwake tumeweka amana hizi, awajalie rehema marehemu wetu wote, wa kijiji na wa mji, wenye misalaba na wasio nayo. Na sisi tuliobaki macho atujalie kuwalinda vema hata asubuhi atakapokuja kuwaamsha. Amina.